Kitabu Kilicho Mkononi

Desturi ya watu wengi ni kukaa kimya mpaka kitabu kiishe. Wakiulizwa katikati ya kusoma, "Waonaje?" hujibu, "Ngoja nimalize kwanza." Jibu hilo lina adabu ndani yake, maana hakuna hakimu mwema anayekata kesi aliyoisikia nusu. Walakini msomaji si hakimu tu. Kabla ya kuwa hakimu yeye ni msafiri, na msafiri huulizwa habari za njia angali njiani. Nataka kukuonyesha, wewe uliye shuleni na kitabu mkononi, kwamba rai itolewayo kitabu kikiwa nusu ina faida moja ambayo rai ya mwisho haina: kitabu chenyewe bado kina nafasi ya kuikanusha.

Fikiri juu ya mchezo wa vitendawili, ambao waujua tangu utoto wako. Mtegaji husema, "Kitendawili!" na wasikilizaji huitika, "Tega!" Kisha kila mmoja hujaribu. Huyu hutaja yai, yule hutaja kivuli, mwingine hutaja moshi, na wote huchekwa kidogo. Wakishindwa kabisa, mtegaji hudai mji, hupewa, kisha hutoa jibu. Utamu wa mchezo huo hauko katika jibu peke yake. Uko katika kule kujaribu na kukosa mbele ya wenzio, na katika kutazamana jibu litokapo. Kama mtegaji angeanza kwa jibu na kumalizia kwa swali, pasingekuwa na mchezo tena, wala akili ya mtoto isingekwenda popote.

Kitabu kizuri ni mtegaji wa namna hiyo. Chukua Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotolewa mwaka 1996, ambayo imesomwa na vijana wengi sana wa Kenya. Jina lake ni nusu ya methali, na nusu ya pili kila mtu anaijua: huonekana asubuhi. Lakini fungua kurasa za mwanzo. Kongowea, kijana wa Tanga, anampoteza mama yake angali mtoto, na baadaye anashika safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba yake hata Kitale. Asubuhi gani hiyo? Msomaji aliyefika katikati ana haki ya kusimama aulize: Je, mwandishi ataitii methali aliyoitundika mlangoni, ama ataipinga? Au asubuhi anayoitaja si ile tunayoidhani? Swali hilo lina makali kwako ikiwa hujafika mwisho. Ukisha kufika, litageuka kuwa swali la mtihani. Kwa hiyo sitakuambia mwisho wake. Nakuambia tu kwamba siku uliyoliuliza ndiyo siku uliyoanza kukisoma.

Sasa tazama mahali tulipo. Funyula ni nchi ya vilima vya Samia, nayo haiko mbali na Ziwa Victoria wala na Mto Sio, ambao katika sehemu ya mwendo wake ni mpaka wa Kenya na Uganda. Wasamia wa zamani walisifika kwa uhunzi. Walichimba mawe yenye chuma katika vilima hivyo, wakayayeyusha, wakafua majembe, na majembe hayo yaliuzwa kwa jirani wa mbali na wa karibu. Natumia kumbukumbu hiyo kwa sababu inafaa. Jembe halikutoka katika tanuri likiwa jembe. Lilitoka donge, likapigwa nyundo lingali na moto, kwa maana chuma kikipoa hakikubali tena umbo. Rai juu ya kitabu hali yake ni hiyo hiyo. Ukingali unasoma, rai yako ina moto, na neno la mwenzio laweza kuinyoosha. Ukikaa nayo kimya mwezi mzima baada ya kufunga kitabu, itapoa na umbo lolote iliyokuwa nalo, na utaitetea kwa sababu ni yako, si kwa sababu ni kweli.

Hapa yafaa niseme waziwazi jambo linalozuia mazungumzo hayo katika shule nyingi. Jambo hilo ni mwongozo. Namaanisha kile kijitabu kinachouzwa pamoja na kitabu kilichoteuliwa kwa mtihani, chenye muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na sifa zao, maudhui yaliyohesabiwa moja hadi kumi, na mbinu za lugha zilizopangwa kama vitu dukani. Siulaumu mwongozo kwa kuwako. Waandishi wake wengi ni walimu waliokisoma kitabu kwa uangalifu, na msomaji aliyemaliza kitabu chake akaufungua ili alinganishe anapata rafiki. Ubaya uko katika mpango wa kusoma. Mwanafunzi wengi siku hizi huanza na mwongozo, na wako ambao huishia huko huko. Wao ni watoto waliopewa jibu la kitendawili kabla ya kutegwa. Wakiulizwa, "Mhusika huyu ni mtu wa namna gani?" hujibu upesi, "Ni mwenye tamaa, ni katili, ni mnafiki," lakini wakiulizwa, "Ulianza lini kumshuku?" hawana la kusema, kwa kuwa hawakumshuku hata siku moja. Waliambiwa.

Najua utasema, "Mtihani hauna huruma, na wakati ni mchache." Ni kweli. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, karatasi ya tatu ya Kiswahili imekuwa karatasi ya fasihi, na alama zake huamua mambo makubwa katika maisha ya kijana. Lakini yatazame maneno ambayo watahini huyapenda: jadili, fafanua, thibitisha, tetea. Maneno hayo yote ni ya barazani. Hakuna hata moja linalosema, kariri. Anayetaka uthibitishe anataka uende kwenye kitabu urudi na ushahidi, na mtu aliyezoea kubishana na wenzake juu ya kitabu ameifanya kazi hiyo mara mia kabla ya siku ya mtihani. Yule aliyekariri mwongozo huweza kushinda swali alilolitazamia, lakini swali likigeuzwa uso kidogo tu, hupotea. Basi hata kwa mtu asiyetafuta ila alama, majadiliano si upotezaji wa wakati.

Haitoshi kusifu jambo kwa maneno ya jumla, kwa hiyo tuchukue kitabu kimoja tukione kikijadiliwa. Nachagua Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, kwa sababu ni kifupi, kinapatikana, na chenyewe ni kitabu cha mashindano ya hoja. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama, mwananchi wake, ameshtakiwa mbele ya Mfalme Jeta kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi. Kila mjumbe aliteseka njiani, akarudi na hazina ya mashauri, na malipo yake yakawa kifungo.

Tuseme wanafunzi watatu wa Funyula wanasoma nakala moja, kama inavyotokea mara nyingi ambapo vitabu ni haba. Mmoja husoma kwa sauti, wawili husikiliza, na baada ya mjumbe wa tatu wanakifunga kwa kidole ndani ili wazungumze.

Wa kwanza anasema, "Kitabu hiki kimeanza kunichosha. Mjumbe huenda, huona, hurudi, hufungwa. Kisha mwingine huenda, huona, hurudi, hufungwa. Najua tayari litakalompata wa nne."

Wa pili anasema, "Unachokiita uchovu mimi nakiita ushahidi. Karama yuko kizimbani. Mtu mmoja akifungwa bila haki, serikali itasema ilikuwa bahati mbaya. Wawili wakifungwa, itasema ni makosa ya karani. Lakini wakifika sita, hiyo ni desturi, na desturi ndiyo anayoishtaki."

Wa tatu anasema, "Mimi silalamikii wajumbe. Jambo ambalo silisadiki ni baraza lenyewe. Mfalme gani humwacha mshtakiwa aseme siku baada ya siku, ilhali wengine aliwafunga bila kuwasikiliza? Mwandishi amempa Karama masikio ambayo nchi yake haikuwa nayo."

Angalia, msomaji, kwamba rai zote tatu ni nzuri na hazifanani. Ya kwanza yahusu hadithi, ya pili yahusu hoja, ya tatu yahusu ukweli wa mambo. Kama wangalikuwa na mwongozo, wangalipewa neno moja, takriri au dhuluma, wakaliandika katika daftari na kulala. Sasa wana ugomvi mwema, na ugomvi mwema una dawa moja tu, ndiyo kurudi kwenye kurasa. Wa kwanza na aulizwe: Je, kweli wajumbe ni sawasawa? Walichokileta ni kimoja? Wanaosikiliza barazani wamebaki vile vile tangu siku ya kwanza? Wa pili naye aulizwe: Ikiwa wingi wa wajumbe ni ushahidi, je, watatu hawatoshi? Wa nne anaongeza nini? Na wa tatu aambiwe: Ushuku wako ni mkubwa kuliko wetu wote, uandike, tuungoje mwisho.

Sharti sasa niutaje mwisho huo, na asiyekisoma kitabu na airuke aya hii. Karama anashinda. Mfalme anamwachilia, na wafungwa wanafunguliwa. Ndipo rai ya mwanafunzi wa tatu inapopata nguvu na kupata jibu kwa wakati mmoja. Inapata nguvu kwa sababu masikio ya mfalme ndiyo yaliyoleta ushindi, na yeye alishuku masikio hayo tangu katikati. Inapata jibu kwa sababu ya jina la nchi. Mwandishi aliiita Kusadikika nchi ambayo ameiweka angani, mahali ambapo hakuna awezaye kwenda kuhakikisha. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Mtu wa hali yake hakuweza kwa urahisi kuchora baraza kama lilivyokuwa. Alichora baraza kama inavyopasa liwe, kisha akamwachia msomaji apime umbali uliopo kati ya anga na ardhi. Mwanafunzi wa tatu alidhani ameona kosa. Kumbe ameshika ncha ya uzi.

Na mimi mhakiki nisijifiche nyuma ya wanafunzi. Rai yangu ni kwamba marudio ya Kusadikika ni nguvu ya hoja yake na udhaifu wa hadithi yake. Hesabu ya wajumbe yamsaidia wakili, lakini yamdhuru msimuliaji, kwa kuwa wajumbe wenyewe hawana nyuso. Twakumbuka waliyoyaleta kuliko walivyokuwa. Majina yao yametuambia tabia kabla hawajatenda neno: Fadhili, Amini, Buruhani. Na Majivuno angefanya nini isipokuwa kujivuna? Mtu aliyepewa jina kama hilo amehukumiwa na mwandishi kabla ya baraza kukaa, na katika kitabu kinachotetea haki ya kusikilizwa, hilo si jambo dogo. Walakini mwingine aweza kunijibu kwamba majina hayo ni desturi ya ngano zetu, ambamo Sungura ni mjanja na Fisi ni mlafi tangu neno la kwanza, na hakuna anayemlaumu bibi kizee kwa hilo. Jibu hilo ni zito, na sina haraka ya kulishinda. Kitabu kipo. Kafungue upime mwenyewe.

Mfano huo umekuwa wa watu wa shule moja. Lakini Funyula ina bahati ambayo miji mingi haina, nayo ni ujirani wa mpaka. Busia na Malaba ni milango miwili ya njia kuu ziendazo Kampala, na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Kijana wa Funyula aweza kuwa na binamu aliyelelewa Uganda, wanaosalimiana kwa lugha moja ya nyumbani, lakini walikutana na Kiswahili kwa njia mbalimbali. Katika Kenya Kiswahili ni lugha ya taifa na ni somo la lazima la shule. Katika Uganda kilikaa miaka mingi kikihusishwa hasa na jeshi na polisi, na wengi hawakukipenda kwa sababu hiyo. Katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kitumike kama lugha rasmi. Sokoni Busia kwenyewe lugha hiyo ilikuwa ikipatanisha bei tangu zamani bila kungoja katiba.

Sasa mpe binamu huyo Kusadikika. Kwako Kiswahili cha Karama chaweza kuonekana cha kawaida, labda kirefu kidogo, kama hotuba ya siku ya kufunga shule. Kwake yeye, ikiwa aliambiwa na wazee wake kwamba Kiswahili ni lugha ya kuamrisha, ajabu ya kwanza itakuwa kwamba hapa kinatumiwa na mtu asiye na silaha, mbele ya mwenye silaha, kwa adabu na kwa hoja. Ataliona jambo ambalo wewe ulilipita kama mpita njia apitavyo mti wa nyumbani kwao. Naye akikuuliza, "Kwa nini Karama hapigi kelele?" utalazimika kutafuta jibu la swali ambalo hukujua lipo. Hiyo ndiyo faida ya kushirikiana rai na mtu wa upande wa pili: anakuonyesha kitabu chako mwenyewe. Wala si lazima upande wa pili uwe wa mto. Waweza kuwa wa darasa, wa umri, au wa mvulana na msichana.

Labda sasa wafikiri kwamba mazungumzo haya ni michezo ya wanafunzi, na kwamba wakubwa wana mambo mengine. Basi sikiliza habari ya ugomvi mmoja wa wakubwa. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake. Katika mawazo ya wengi wa wakati ule, utungo usio na vina na mizani haukuwa shairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya zamani. Palizuka mabishano makali. Upande mmoja ulisema kwamba kuondoa vina na mizani ni kuuondoa ushairi wenyewe na kuiga wageni. Upande wa pili ulisema kwamba kanuni hizo zimekuwa pingu za mawazo mapya.

Ugomvi huo ulizaa matunda, kwa sababu wagombanao walilazimika kutazama upya mashairi waliyodhani wanayajua. Waliulizana: Shairi ni nini hasa? Je, tungo za kale zote zilikuwa na vina? Je, nyimbo za makabila ya bara si mashairi? Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara, na jina lenyewe ladai nafasi kwa watu wasio wa pwani. Hata leo, mwanafunzi wa Funyula anayesoma shairi huru darasani pamoja na shairi la kimapokeo anakula tunda la mti uliopandwa kwa mabishano.

Lakini ugomvi huo pia una onyo kwa wagombanao. Ilikuwa rahisi kusema kwamba anayeshika umbo la zamani ana mawazo ya zamani, na anayelivunja ni mwanamapinduzi. Neno hilo lilipendeza sikioni, lakini kitabu kimoja kilitosha kulitia doa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi cha siasa kilichoikosoa serikali ya Kenya. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalitolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ni mashairi ya mtu aliyeipinga serikali mpaka akalipa kwa miaka ya maisha yake, na yamefuata vina na mizani kwa uaminifu mkubwa. Kumbe umbo la kale laweza kubeba neno kali. Yeyote aliyekuwa na rai ile ya rahisi alipaswa ama aibadilishe, ama akitie kitabu hicho kando ajifanye hakukiona. Kati ya njia hizo mbili ndipo mhakiki mwaminifu na mhakiki mwongo wanapoachana.

Hebu basi tuseme juu ya adabu za kujadili, kwa maana nyundo bila adabu huvunja vidole.

Kwanza, patana na wenzako mtakapofikia. Mkisema, "Leo twazungumza mpaka sura ya tano," basi aliyefika ya kumi na aufunge mdomo wake. Kumfichulia mwenzio mwisho wa hadithi ni kumnyang'anya kitu ambacho huwezi kukirudisha.

Pili, usiseme "Kizuri" au "Kibaya" ukanyamaza. Hayo si maoni, ni milio. Sema ni wapi, na sema kwa nini. Mtu anayesema, "Nilichoka katika ukurasa huu, na nadhani ni kwa sababu mwandishi ametuhubiria," ametupa kitu cha kujadili. Hata anayesema, "Sikuelewa," ametoa rai yenye thamani, ikiwa aonyesha mahali alipoanza kupotea. Mara nyingi mahali pale pale wenzake walipotea pia, ila hawakuthubutu kusema.

Tatu, jibu hoja, usimjibu mtu. Ukimwambia mwenzio, "Wewe umetoka juzi kidato cha kwanza, wajua nini?" umekubali mbele ya wote kwamba hoja yake imekushinda. Mwalimu naye akumbuke kwamba sauti yake ni nzito. Akitoa rai yake mwanzo, darasa zima litaitikia kama kibwagizo. Heri aitoe mwisho, na aitoe kama rai.

Nne, usione haya kubadili rai, wala usione fahari kuibadili kila mara. Badili ukurasa unapokulazimisha. Ukibadili kwa sababu wengi wamepiga kelele, hujabadili rai, umebadili kundi. Na kama umebaki peke yako nawe una ushahidi wako, baki. Kitabu hakipigiwi kura.

Wako watakaosema kwamba kusoma ni jambo la upweke, na kwamba maneno mengi huondoa ladha. Nakubaliana nao nusu. Pana saa ambapo kitabu hutaka ukimya, na mtu anayekatiza kila aya ili aseme lake hasomi, anajisikiliza. Lakini ukimya huo ni wa wakati wa kusoma, na mazungumzo yana wakati wake. Mkulima hulima peke yake katika mstari wake, kisha hukaa kivulini na wenzake wakaulizana shamba limekuwaje. Hapana aliyesema kwamba kile kivuli kimeharibu kilimo.

Wengine watasema, "Hatuna vitabu vya kutosha." Hilo ni kweli lenye uchungu, na sitalifunika kwa maneno matamu. Nakala moja kwa wanafunzi watatu ni upungufu ambao wahusika wangepaswa kuuondoa. Lakini wakati mnangoja uondolewe, kumbukeni kwamba wale watatu waliosoma Kusadikika kwa sauti, kwa zamu, walikuwa na kitu ambacho mwenye nakala yake peke yake hana: walisikia kila neno pamoja, wakaweza kugombana juu yake hapo hapo.

Nakuachia kazi ndogo. Chukua kitabu unachokisoma sasa, kiwe cha mtihani au cha hiari. Ukifika katikati, simama. Weka mwongozo mbali. Andika katika daftari yako mistari mitatu: jambo unalolisadiki, jambo usilolisadiki, na jambo unalolitazamia litokee. Tia tarehe na namba ya ukurasa. Mpe mwenzio aliyefika hapo hapo aandike yake, kisha mbadilishane daftari. Mnapotofautiana, msiulizane nani ana akili. Ulizaneni ni ukurasa upi. Halafu endeleeni kusoma. Kitabu kikiisha, rudini kwenye mistari ile. Mingine itakuwa imeanguka na mingine itakuwa imesimama, na katika ile iliyosimama utaijua sauti yako mwenyewe, ambayo hukuazimwa na mtu.